Soksi ya Makaa

Ukitaka kumkasirisha Chepngeno, mwambie makaa ni uchafu. Atakutazama kuanzia viatu kupanda juu, kisha atakuuliza kama wewe ulilelewa kwa maziwa ya pakiti. Kwao, upande wa Ndanai, makaa ndiyo sabuni ya sotet, kile kibuyu cha kugandishia maziwa ya mursik. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, unakitia ndani ya kibuyu, unakisaga na kusugua mpaka ndani kote kuwe kweusi tititi. Maziwa yakishamiminwa humo hukaa wiki na wiki bila kuharibika. Chepngeno alifundishwa kazi hiyo na mama yake, na harusi haipiti kijijini kwao bila mtu kutumwa kuuliza kama mursik yake imeiva. Imani yake kwa makaa ndiyo iliyomponza, kwa hiyo ni vizuri ijulikane mapema.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa Sotik, katika kliniki ya watoto ya Daktari Mathew. Alipiga deki, akafuta viti, akachemsha chai, na akatuliza watoto wa watu. Hakuwa na mkataba wowote. Alikuwa na funguo tu, na neno la daktari.

Katika chumba cha kungojea palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu. Mtoto aliyepandishwa ngazi akilia sindano hata kabla ya kuiona alikuwa akifika pale ananyamaza, pua imegandishwa kwenye kioo. Samaki mmoja alikuwa mnene, mwenye doa jeupe kichwani, anaogelea polepole kana kwamba wengine wote wanamsubiri afungue mkutano. Watoto walimwita Chairman. Kila asubuhi Chepngeno alimsalimia huyo kabla ya kumsalimia daktari, na chakula alimtupia yeye kwanza. Mwenyewe alisema hana ubaguzi, ila tumbo la Chairman lilisema mengine.

Mtunzaji wa tangi alikuwa Eliakim, mtu wa ziwani ambaye baba yake alikuja Kericho kufanya kazi kiwandani na hakurudi tena. Eliakim alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi katikati ya majani chai, na sasa alizunguka na begi lake la mipira na chupa kutoka hoteli moja hadi nyingine, Kericho mpaka Bomet, akitunza samaki wa watu. Akiingia kliniki alisalimia kwa Kikipsigis, "Chamgei!" kwa sauti kubwa, kisha akacheka matamshi yake mwenyewe kabla hujamcheka wewe. Yeye alimwita Chepngeno Mama Fancy, naye Chepngeno alimwita Baba Akello. Walikunywa chai pamoja. Hata hivyo, Eliakim akitoka, macho ya Chepngeno yalilisindikiza lile begi mpaka mlangoni. Hakuwahi kuibiwa hata sindano ya kushonea na mtu wa ziwani, lakini alikua akisikia watu wakisema, na yaliyosemwa yalikuwa yamemkaa.

Julai hiyo ilikuja na baridi ya kukaza vidole vya wachuma chai. Chepngeno ndiye aliyegundua kwanza kwamba samaki wanajikuna. Walijisugua kwenye mawe ya chini, wanakimbia ghafla, wanarudi. Kisha madoa madogo meupe yakatokea kwenye mapezi, kama mtu amewanyunyizia chumvi.

Eliakim aliitwa. Aliinama mbele ya kioo, akafyonza meno.

"Ni vidudu, daktari," alisema. "Inashika ngozi, inakula hapo, halafu inaanguka chini kwa mawe kuzaa. Ikiwa kwa ngozi dawa haiwezi kuipata. Inaipata tu ile watoto yake inaogelea kutafuta samaki. Kwa hivyo dawa lazima ikae kwa maji kila saa. Ikikatika, tunaanza upya."

"Fanya kazi yako," daktari akasema, na akarudi kwa wagonjwa wake.

Eliakim aliongeza joto la maji kidogo, akafungua sanduku la chujio lililoning'inia nyuma ya tangi, na akatoa mfuko wa wavu uliojaa chembe za makaa. Aliukung'uta, akaufunga kwa gazeti, akautia kwenye begi. Kisha akadondosha dawa. Maji yote yakawa bluu.

"Mama Fancy, usiguse kitu hapa," alisema akifunga zipu. "Mimi mwenyewe nitakuja kuangalia."

Neno hilo lilimchoma Chepngeno. Asiguse! Yeye aliyefuta kile kioo kila siku ya Mungu! Na yale makaa je, mbona yameenda na begi?

Jioni alimweleza mumewe Kipkoech, aliyekuwa ametoka kupeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia na mgongo unamuuma.

"Ameenda na makaa yetu."

"Labda imeisha nguvu."

"Makaa haiishi nguvu," Chepngeno akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake Daktari Mathew alisimama mbele ya tangi na kikombe mkononi. "Haki, Mama Fancy, hii maji inakaa aje? Wamama watadhani tunaoshea sindano hapa." Akacheka, akaingia ofisini mwake. Yalikuwa maneno ya mzaha tu, ya mtu ambaye hajamaliza chai. Lakini Chepngeno alikuwa anatafuta sababu, na sababu ikawa imejileta yenyewe.

Alichukua soksi moja ya shule ya mtoto wake Fancy, nyeupe, safi. Akaijaza makaa ya senetwet aliyoyaponda kwa jiwe, akaifunga fundo, na akaisuuza kwenye ndoo mpaka ikaacha kutoa weusi. Asubuhi, kabla kliniki haijafunguliwa, aliishindilia ndani ya sanduku la chujio, pale pale mfuko wa wavu ulipokuwa, na akafunika.

Baada ya siku moja bluu ilikuwa imefifia. Baada ya mbili maji yalikuwa meupe, yanang'aa, unaona kila jiwe. Daktari akapita, akasema, "Sasa hii ndiyo maji." Na Chepngeno alifurahi, hilo tusimfiche. Alitembea na ndoo yake siku nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Eliakim aliporudi, alishtuka.

"Rangi imeenda wapi? Mama Fancy, kuna mtu alibadilisha maji?"

"Hakuna mtu amebadilisha maji," Chepngeno akajibu.

Ilikuwa kweli. Maji hayakubadilishwa. Angeweza kuapa mbele ya mchungaji na asipatikane na hatia, na ndiyo maana alilijibu swali hilo haraka na kuinamia deki yake.

Eliakim akaongeza dawa. Maji yakawa bluu, kisha yakawa meupe tena. Aliongeza tena, akaiita chupa yake mwongo, akasoma maandishi yake, akaitikisa, akainusa. Naye Chepngeno, akiona soksi imechoka, aliimwaga na kuijaza makaa mapya, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu na kibuyu chake. Samaki wakaanza kufa. Walilala ubavu juu ya maji, weupe kwa madoa, mmoja leo, mwingine keshokutwa.

Chairman alikufa Jumatatu. Chepngeno alimkuta alfajiri, akamtoa kwa wavu upesi upesi watoto wasije wakamwona, na akamzika nyuma ya kliniki chini ya ua wa miiba. Alilia. Usicheke, alilia kabisa, na leso ikalowa. Na katika kulia kwake alimlaani Eliakim na dawa zake.

Siku hiyo hiyo Daktari Mathew alimsubiri Eliakim pale pale kwenye chumba cha kungojea. Viti vilikuwa vimejaa kina mama, wa huku Bomet na wa kule Kisii, wenye watoto mapajani.

"Eliakim, wewe unaniuzia maji na rangi?"

"Hapana, daktari."

"Samaki wanaisha. Watu wananiuliza kama nashindwa kutibu samaki, watoto wao nitawatibu aje. Hii dawa ni dawa ama ni wino?"

Eliakim alikuwa mtu mkubwa wa mwili, lakini siku hiyo alionekana kama amekopeshwa koti la mtu mwingine. "Daktari, nimefuata kila kitu. Hata makaa nilitoa siku ya kwanza, kwa sababu makaa inakunywa dawa. Ukiacha makaa kwa filta, asubuhi dawa hakuna, imebaki maji tupu. Mimi nilitoa. Sijui nini imefanya."

Chepngeno alikuwa amesimama karibu na dirisha, tambara la deki mkononi.

Makaa inakunywa dawa. Sanduku la chujio lilikuwa nyuma ya bega la Eliakim, karibu hivi kwamba angenyoosha mkono tu angeligusa, na ndani yake ilikuwamo soksi ya Fancy, imetulia, inakunywa.

Alitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Lakini kina mama walikuwa wanatazama, daktari alikuwa amevimba, na yeye hakuwa na mkataba, alikuwa na funguo tu. Akajiambia atasema hawa wagonjwa wakipungua. Atasema daktari akitulia. Ukishaanza kupanga saa ya kusema ukweli, umeshaamua kunyamaza, na Chepngeno alinyamaza.

Eliakim aliweka chupa ya dawa iliyobaki juu ya meza. "Labda waliniuzia bandia," alisema kwa sauti ya chini. "Pole, daktari. Nimekosa." Akavaa begi. Alipompita Chepngeno alisimama kidogo. "Pole pia, Mama Fancy. Najua vile ulikuwa unapenda hiyo Chairman."

Akashuka ngazi. Chepngeno aliendelea kupiga deki mahali pamoja mpaka mama mmoja akamwambia sakafu imeshasafika.

Jioni, kliniki ilipofungwa, aliitoa ile soksi. Ilikuwa nzito, inadondoka maji. Akaitia chini kabisa ya ndoo na kuifunika kwa matambara. Kisha akachukua chupa ya Eliakim na akadondosha dawa kama alivyomwona akidondosha. Maji yakawa bluu. Kesho yake yalikuwa bado bluu. Daktari alikunja uso, akapita, na Chepngeno akaendelea kuongeza dawa kama Eliakim alivyokuwa akifanya, huku akiomba Mungu kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili. Samaki waliobaki waliacha kujikuna. Madoa yakapukutika. Wakaanza kula tena.

Basi ungedhani sasa nafuu imekuja. Nafuu ndiyo iliyomtesa.

"Nyinyi angalieni," Daktari Mathew aliwaambia kina mama, amemshika Chepngeno bega. "Yule mtu na kelele zake zote alishindwa. Kumbe dawa ya samaki ni Mama Fancy!" Wakacheka, wakampigia makofi. Mmoja akasema mikono ya mama inajua. Daktari akamkabidhi tangi rasmi, na akampigia simu rafiki yake mwenye hoteli Bomet amweleze kwamba kuna mama hapa anaweza kuja kuangalia samaki wake pia. Kila sifa ilimwingia Chepngeno kama mwiba. Alitabasamu, kwa sababu ungefanya nini, na tabasamu lenyewe lilimuuma mashavu.

Nyumbani alikaa na sotet mapajani, kaa la senetwet likiwaka mbele yake, na mkono ukakataa kusugua. Alijaribu tena kesho yake. Mursik aliyoitoa wiki hiyo, ya kibuyu kisichosuguliwa vizuri, ilikuwa imepoteza ladha.

"Hii inakaa maziwa ya duka," Kipkoech akalalamika. "Uko mgonjwa?"

Akamwambia yote. Kipkoech alisikiliza, akajikuna shingo.

"Nyamaza tu. Samaki haina ndugu atakuja kudai."

"Si samaki, Baba Fancy. Ni mtu."

"Mtu atapata kazi ingine."

Chepngeno alimwangalia mumewe, mtu mwema asiyepiga wala kulewa, akaona kwamba hayo ndiyo maneno aliyotaka kuambiwa. Na baada ya kuambiwa, alijichukia zaidi.

Siku ya soko aliomba ruhusa. Hakujua pa kuanzia kumtafuta Eliakim, lakini hakuhitaji kuhangaika. Eliakim alikuwa hapo hapo Sotik, chini ya mwavuli uliochanika, mbele ya karai la mafuta, anakaanga ngege.

"Mama Fancy! Chamgei!" aliita, ila safari hii hakucheka. "Karibu samaki. Hizi za sasa hazigonjeki."

"Baba Akello, uliacha ile kazi?"

"Niliacha. Nilifikiria, nikaona kama dawa ilikuwa bandia kwa daktari, basi ni bandia kwa wote. Nilimwaga chupa yote. Nikapigia wateja wangu simu, mmoja mmoja, nikawaambia nimekuwa nikiwawekea kitu si ya kweli, wanisamehe." Aligeuza samaki kwenye karai. "Wengine walinitusi. Ni haki yao."

Hilo Chepngeno hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kumkuta mtu mwenye hasira, hata mtu anayemsema vibaya. Badala yake alimkuta mtu aliyejishtaki mwenyewe, kila mahali, kwa kosa la Chepngeno. Mafuta yalikuwa yanachemka na moshi unawaingia machoni wote wawili.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Niliweka makaa. Ile siku ulitoa ya kwako, mimi niliweka yangu. Ya mursik. Kwa soksi, nyuma huko. Nilikuwa naibadilisha ikichoka." "Dawa yako ilikuwa mzuri, Baba Akello. Hizo zilibaki zilipona na hiyo chupa yako."

Eliakim aliweka kijiko chini. Ngege waliokuwa karaini wakaanza kuungua, na hakuwatazama.

"Sema tena."

"Dawa yako ilikuwa mzuri."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kwa kitambo uso wake ulifunguka, ukajaa furaha tupu, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amepatikana. Chepngeno angependelea matusi kuliko kuiona furaha hiyo. Kisha ikazimika, na Eliakim akamtazama vizuri.

"Ile siku naongea na daktari kuhusu makaa. Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa umesimama hapo kwa dirisha. Na ukaniacha niseme pole."

"Niliogopa."

"Na kwa nini hukuniuliza? Ile siku ya kwanza. 'Baba Akello, makaa unapeleka wapi?' Ningekuambia. Imechoka, nilikuwa naenda kutupa."

Chepngeno alikuwa na jibu, na lilikuwa baya kuliko soksi. "Nilidhani unaiba," alisema.

Eliakim akaepua karai motoni. Akapangusa mikono kwa aproni, akamwomba mama wa jirani amwangalizie vitu.

"Twende umwambie," akasema.

Walipanda ngazi za kliniki, Eliakim mbele, Chepngeno nyuma. Daktari alitoka akitaka kuwaingiza ofisini, lakini Chepngeno alikataa. Alisema Eliakim alitukanwa hapa kwenye viti, na yeye atasema hapa kwenye viti. Akasema yote, pamoja na soksi, pamoja na ile siku ya dirishani. Viti vilikuwa na kina mama wengine kabisa, ambao hawakujua habari yoyote, na alipofika kwenye makaa ya mursik mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata. Chepngeno alisimama katikati ya kicheko hicho mpaka kikaisha.

"Makaa ya mursik," daktari alirudia, akivua miwani. "Na mimi nikafanya watu wakupigie makofi." Kisha akamchukua Eliakim ofisini na kufunga mlango, akamwomba msamaha humo ndani. Tusi lilikuwa la hadharani, pole ikawa ya chumbani, na watu wakubwa ndivyo walivyo. Chepngeno alikuwa amejiandaa kumwaga unga. Hakufukuzwa. Hilo nalo lilimkera, maana adhabu ingempunguzia mzigo.

Eliakim alirudi kazini. Si wateja wote waliomrudia; hoteli moja ya Kericho ilikuwa imeshampata mtu mwingine na haikutaka kusikia hadithi za soksi. Lakini tangi la kliniki ni lake, na limejaa samaki tena, na mmoja mdogo ameanza kunenepa hivi kwamba watoto wanabishana kama anafaa kuitwa Chairman. Chepngeno hamtupii huyo chakula kwanza.

Eliakim akija husema "Chamgei, Mama Fancy," na Chepngeno humwekea chai, naye huinywa. Huuliza habari za Fancy. Ni mtu mwenye adabu. Ila kabla hajafungua chupa yoyote, hufunua sanduku la chujio nyuma ya tangi, hukunja mkono wa shati, huingiza mkono mpaka chini, na hupapasa kila kona, polepole, akitazama ukutani. Hufanya hivyo kila anapokuja. Akishamaliza huutoa mkono, huukung'uta, na ndipo huanza kazi.

Chepngeno, wakati huo, huwa anafuta viti ambavyo ameshavifuta.